Kugusa ardhi si kufika



Sisi wa Bukene tumezaliwa njiani. Misafara ya zamani ilikutana Tabora, wapagazi wa Kinyamwezi wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Leo reli ya Tabora hadi Mwanza inapita mlangoni petu. Lakini ni wachache wanaojua kwamba Tabora palikuwa pia mwisho wa safari moja kubwa ya ndege.

Mwaka 1920 ndege ya Vickers Vimy Commercial iliondoka Uingereza kwa udhamini wa gazeti la The Times, ikitafuta kufika Cape Town. Ilivuka Mediterania, ikafuata mto Nile, ikapita juu ya jangwa. Tarehe 27 Februari, ikiwa inaanza kuruka kutoka Tabora, ikaanguka. Watu walinusurika, safari ikaishia hapo. Jangwa halikuiweza ndege ile. Ilivunjikia hapa kwetu, karibu kabisa na ardhi.

Ndege za enzi zile hazikuegemea gurudumu la puani. Zilisimama kwa magurudumu ya mbele, mkia ukiwa chini. Hata leo zipo ndege ndogo za namna hiyo, zenye kigurudumu mkiani, na marubani huziogopa hasa zinapotua huku upepo ukivuma kutoka ubavuni. Uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa. Ukiwahi kuendesha baiskeli yenye gunia nyuma, ukafunga breki kwenye mchanga, unajua jinsi mzigo unavyotaka kukupita. Ndivyo mkia wa ndege ile unavyotaka kufanya.

Rubani huinamisha kidogo bawa la upande wa upepo, akaishikilia ndege inyooke kwa usukani wa mkiani. Anagusa ardhi. Abiria wanashusha pumzi. Kumbe hatari kubwa ndiyo kwanza inaanza. Usukani ule hufanya kazi kwa nguvu ya hewa inayoupita. Kasi ikipungua, usukani unadhoofika, lakini upepo haupungui. Rubani akilegeza miguu sekunde chache tu, upepo unasukuma mkia, ndege inazunguka, ncha ya bawa inapiga chini, mguu wa gurudumu unavunjika. Ndiyo maana wanafunzi wa urubani hufundishwa kwamba ndege hii huachwi kuiongoza mpaka imesimama kabisa.

Ndugu yangu, ni mara ngapi tumelegeza miguu baada ya kugusa ardhi?

Kijana anahudhuria mafundisho miaka miwili, anapokea kipaimara, tunapiga picha na Baba Askofu. Dominika inayofuata hayupo kanisani. Wachumba wanasali pamoja kila jioni hadi siku ya ndoa. Baada ya harusi, sala inabaki kwenye albamu. Mlevi anaacha pombe, anasimama mbele ya jumuiya kutoa ushuhuda, tunampigia makofi, kisha hakuna hata mmoja wetu anayemtembelea mwezi wa pili. Nami padre wenu siko pembeni. Kadiri miaka ya upadre inavyoongezeka, ndivyo ninavyoweza kusali masifu huku mawazo yakiwa kwenye simu. Kasi ya siku ya upadrisho imepungua. Upepo haujapungua.

Mtume Paulo anawaonya Wakorinto kwamba anayejiona amesimama aangalie asianguke. Hawaambii walioanguka tu, anawaambia waliosimama.

Basi tufanye nini? Tusisubiri dhoruba. Usukani unahitaji mguu ulio tayari: sala fupi ya kila siku, Misa ya Dominika, jumuiya ndogo ndogo, kitubio kabla dhambi haijawa mazoea. Na ukimwona jirani ameshatua salama, usimwache peke yake uwanjani.

Na kama ndege yako imeshavunjika? Soma Matendo ya Mitume, sura ya 27. Meli ya Paulo ilistahimili siku kumi na nne za tufani, ikavunjika ikiwa tayari inaliona pwani. Lakini watu wote 276 walifika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao na vipande vya meli. Mungu hakuiokoa meli. Aliwaokoa watu.

Mwaka uleule wa 1920, van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini walijaribu safari hiyohiyo. Walivunja ndege ya kwanza, wakavunja ya pili, wakaomba ya tatu. Tarehe 20 Machi walifika Cape Town.

Jumamosi ijayo padre wako atakuwa kitubioni. Njoo uombe nyingine.

Dominika njema.