Vidonda vya tumbo si "mawazo", jamani!

Hivi mpaka lini mgonjwa wa vidonda vya tumbo ataambiwa "punguza mawazo, acha pilipili" halafu basi? Mwaka 1982 kule Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren waliotesha maabara bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Wataalamu wengi wakabeza. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe. Siku chache baadaye anatapika! Mwaka 2005 wakapewa Nobel.

Sisi bado tunatafuna vidonge vya asidi miaka nenda rudi. Maumivu yakizidi tunameza diklofenaki, ambayo nayo huleta vidonda! Ndugu yangu, dai kipimo cha kinyesi au pumzi. Bakteria akionekana, ana dawa. Anayekuambia "mawazo tu" bila kukupima hajakutibu, amekufukuza kwa adabu.