Acheni kungoja darubini!

Kuna wimbo nimeuchoka. Kila nikigusia habari za nyota, waandika programu wenzangu wanauimba: "Hiyo kazi ya Wazungu bwana, sisi hatuna darubini." Leo nauzima wimbo huo, na nauzimia Garsen, kando ya Mto Tana, nyuzi 2 na kitu kusini mwa ikweta.

Tuanze na historia. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kupima eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni. Kutoka Garsen, hazifiki kilomita 100 ukipita njia ya kunguru. Setilaiti ya NASA, warushaji Waitaliano. Sisi tulitoa nini? Bahari, ikweta na jina: Uhuru, maana ilikuwa sikukuu yetu. Data ikaenda Marekani.

Hasira hiyo naielewa. Lakini hasira ya 1970 si kisingizio leo!

Setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia ilirushwa 2013 na kuzimwa Machi 2025. Toleo lake la 2022 lina nyota karibu bilioni 1.8: zilipo, mwangaza wake, na kwa nyingi, mwendo na umbali. Yote bure mtandaoni. Hakuna kibali, hakuna barua ya chifu. Ni mistari michache ya Python tu. Jiulize, msomaji: umewahi kupakua hata nyota moja?

Chukua Kilimia. Wazee walikitazama kujua majira ya kulima, jina lenyewe linasema. Kiko umbali gani? Nyoosha kidole, fumba jicho moja, kisha jingine: kidole kinahama. Dunia ikizunguka jua, nyota za karibu nazo huonekana kuhama hivyo hivyo, kidogo sana. Kuhama huko ndiko paralaksi. Setilaiti ya Hipparcos, iliyorushwa 1989, ilitoa jibu la miaka ya nuru kama 390. Vipimo vingine vikakataa, wataalamu wakabishana miaka mingi. Gaia ikaja na kama 440. Hipparcos haikuwa mchezo, ila hapo ilikosea. Sasa wewe unayenakili namba kwenye programu yako bila kuandika imetoka wapi na ina kosa kiasi gani, unajenga nini?

Na darubini je? Gaia iliundwa kwa nyota hafifu. Zile kali mno zilimchanganya. Betelgeuse, ile nyekundu ya Orion, ilianza kufifia mwisho wa 2019. Kufikia Februari 2020 magnitudi yake ilitoka karibu 0.5 hadi 1.6 hivi (namba ikipanda, mwanga unashuka). Watu waliifuatilia kwa macho matupu, wakiilinganisha na nyota jirani. Chama cha AAVSO cha Marekani kinakusanya makadirio ya namna hiyo tangu 1911, na mtu yeyote anaweza kutuma. Kwetu Betelgeuse hupita karibu na utosi. Jicho la Garsen lina kasoro gani?

Najua mtakaloniuliza: "Watu wa Tana wamesombwa na mafuriko 2023 na tena 2024, wewe unatuletea nyota?" Ndiyo, naleta! Kijana aliyezoea kuuliza "kipimo hiki kimepatikana vipi, kosa lake kiasi gani?" hatadanganywa na takwimu za kina cha mto. Ni ujuzi ule ule. Nyota zinaufundisha bure, kila usiku usio na mawingu.

Basi msiniambie tena kuhusu darubini ya mfadhili. Ikija, karibu. Isipokuja, macho mnayo, simu mnayo, data ipo.

Haya, kazi kwenu.