KONDAKTA SI WA MATATU PEKE YAKE

Hapa kwetu Huruma ukisema unataka kuwa kondakta, utaulizwa papo hapo, "Wa gari gani?" Majirani wanamjua kondakta mmoja tu, yule anayening'inia mlangoni mwa matatu akiita, "Tao, tao!" Mimi namzungumzia yule mwingine, anayeongoza waimbaji na wapiga ala kwa mikono. Nasema waziwazi kwamba hiyo ni kazi ya maana, na shule nyingi zinatunyima nafasi hata ya kuijaribu.

Wengi hudhani kiongozi wa muziki hupunga mikono ili apendeze. La hasha! Mkono wa kulia huhesabu mapigo: yakiwa manne, huenda chini, kushoto, kulia, kisha juu. Wa kushoto huwaita besi waingie, huwaambia teno wapunguze. Kabla ya kusimama hapo amekwisha kukesha na karatasi za muziki, anajua kila sauti itafanya nini. Kwenye opera ndiyo balaa zaidi, maana wapiga ala wako chini mbele ya jukwaa, waimbaji wako juu wanaigiza, na wote wanamtegemea yeye. Akipotea, wamepotea wote.

Tena watu wetu wapo. Boniface Mganga aliongoza kwaya ya taifa ya Muungano, na mwaka wa 1990 kampuni ya Philips ikatoa rekodi yao ya Missa Luba, misa iliyoanzia Kamina, Kongo, mwaka wa 1958. Siku hizi yuko Levi Wataka, ambaye ameongoza orkestra ya taifa ya vijana. Na huko mtaa wa Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha watoto violini na tarumbeta tangu 2008. Korogocho, jamani! Kisha mtu aniambie Huruma haiwezekani?

Lakini anayenikosesha usingizi ni Armand Diangienda wa Kinshasa. Alikuwa rubani. Kazi ya urubani ilipomwishia, mwaka wa 1994 akaanzisha orkestra katika kanisa lao la Kimbangu. Violini zilikuwa chache, wakawa wanapokezana: huyu akimaliza, mwenzake anachukua. Uzi ukikatika, walitia waya wa breki ya baiskeli. Wengi wao walikuwa watu wa kujitafutia riziki mchana na kufanya mazoezi jioni. Mwaka wa 2010 ikatoka filamu inayowaonyesha wakipiga kazi ya Beethoven, na mwaka wa 2013 chama kikubwa cha muziki cha Uingereza, Royal Philharmonic Society, kikampa Diangienda uanachama wa heshima.

Shangazi yangu husema, "Sawa mwanangu, lakini utakula nini?" Swali hilo nalistahi, kwa sababu mapato ya muziki huu nchini si ya kutegemewa, na sitamdanganya. Ila naona ajabu moja. Hapa Eldoret hakuna anayemuuliza mtoto anayekimbia alfajiri atakula nini. Tangu enzi za Kipchoge Keino tunajua mbio ni kazi, kwa kuwa tumeona waliofika. Kijiti tunachokijua ni cha mbio za kupokezana tu!

Hapo ndipo shule inapoingia. Tamasha la muziki nchini limekuwepo tangu 1927, lakini katika shule moja niijuayo, mwalimu hukodiwa wiki chache kabla ya mashindano. Sisi husimama kama vigingi, tunakariri do-re-mi za wimbo mmoja, kikombe kinapatikana, mwalimu anaenda zake. Kinanda kinarudi stoo na kufuli juu. Hakuna aliyejua kwa nini mkono ulishuka pale. Mtaala mpya una mkondo wa sanaa na michezo, vizuri sana, lakini sisi wa 8-4-4 tutakuwa tumeondoka.

Kwa hivyo naomba jambo lisilogharimu hata shilingi. Wimbo wa taifa tunaouimba gwarideni Jumatatu na Ijumaa uongozwe na mwanafunzi, kila wiki mwingine, mwalimu akisimama nyuma kusikiliza na kumsahihisha baadaye. Tutachekwa wiki mbili za kwanza, haidhuru. Mimi nimekwisha kuomba Jumatatu ya kwanza ya muhula ujao, na bado nangoja jibu.