Fundi wa WiFi, zoea dirisha jeusi

Ukipita Pipeline, Githurai au Kayole utaona nyaya za intaneti zimevutwa kutoka ploti hadi ploti kama kamba za kuanikia nguo. Fuata nyingi kati ya hizo na utafika kwa kisanduku kidogo cha MikroTik, ruta inayotengenezwa na kampuni ya Latvia. Hicho ndicho kinachojua vocha ya nani imeisha, nani apewe kasi gani na nani akatwe.

Anayekisimamia kwa kawaida ni kijana. Na kijana huyo, mara nyingi, amejifunza kazi kwa kubofya: anafungua WinBox, anafuata video, akikwama anaomba script kwa grupu ya WhatsApp na kuibandika ilivyo. WiFi inashika, mwenye ploti anafurahi, pesa zinaingia kwa M-Pesa. Shida iko wapi?

Shida ni kwamba hajui alichobandika. Script ya watu inaweza kuongeza mtumiaji mwingine mwenye mamlaka yote, na wewe ukaendelea kuuza vocha huku mgeni akiwa na funguo za mlango. Mwaka wa 2018 pengo lilipatikana kwenye WinBox lililowezesha wahalifu kusoma manenosiri ya ruta. Kampuni ilitoa marekebisho Aprili mwaka huo huo. Miezi kadhaa baadaye, maelfu ya ruta ambazo hazikuwa zimesasishwa, wimbi likianzia Brazil, zilitumiwa kuchimba sarafu za kidijitali kupitia vivinjari vya wateja.

Msimamo wetu ni huu: anayelipwa kusimamia mtandao wa watu ajifunze kuandika amri mwenyewe. Si kwa sababu dirisha jeusi linakufanya uonekane hacker wa sinema (ingawa wengi tulivutwa na hilo, tuseme ukweli). Ni kwa sababu amri inasomeka. Andika <code>/user print</code> uone kila mwenye ruhusa ya kuingia. <code>/ip service print</code> inakuonyesha milango iliyo wazi. Kama hutumii telnet na ftp, <code>/ip service disable telnet,ftp</code> inaifunga. <code>/export file=nakala</code> inaandika mipangilio yako kwenye faili ya maandishi, hivyo stima ikichoma ruta huanzi upya kwa kukumbuka ulibofya wapi. Ila usiitume ovyo faili hiyo: toleo la 6 huacha nenosiri la WiFi likionekana humo.

Wanaoogopa amri husema kosa moja litawafungia nje, na ruta iko juu ya paa ghorofa ya saba. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini bonyeza Ctrl na X kabla ya kuanza: unaingia hali salama, na muunganisho ukikatika, ruta inarudisha yenyewe mabadiliko uliyofanya. Ukiridhika, bonyeza tena Ctrl na X yabaki.

Wenye biashara nao wasijifiche nyuma ya fundi. Kuuza intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na nambari za simu za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ukimlipa kijana pesa ya kuvuta waya tu, usishangae akikufanyia kazi ya kuvuta waya tu.

Ruta ya mazoezi si lazima ununue. MikroTik ina CHR, ruta inayoendeshwa ndani ya kompyuta. Leseni yake ya bure ina kikomo cha 1 Mbps, kasi ambayo hakuna mteja angeikubali, lakini amri ni zile zile.