Gari-moshi Lilichorwa Baadaye

Kuna jamaa ninayemheshimu, fundi wa ndege za plastiki kunipita mara tatu, aliyeniona nimeshika sanduku la B-29 akaniambia: "Wewe bandika tu ile picha ya puani. Bila picha ni bati tupu, nani ataiangalia?" Nilicheka, nikalipa chai, nikaenda zangu. Lakini nimekuwa nikimjibu kichwani tangu siku hiyo, na naona heri nimjibu hapa, maana wanaosema kama yeye ni wengi na masanduku yanauzwa kwa ajili yao.

Ndege yenyewe ni Bockscar, iliyodondosha bomu la atomu Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Picha anayoitaka jamaa ni behewa la mizigo lenye mabawa, liko juu ya reli, na reli inatoka Salt Lake inaishia Nagasaki. Salt Lake kwa sababu kikosi hicho, cha 509, kilifanyia mazoezi Wendover, jimbo la Utah. Behewa kwa sababu rubani wa kawaida wa ndege hiyo aliitwa Frederick Bock, na kwa Kiingereza behewa la mizigo ni boxcar. Mzaha wa jina. Ni picha nzuri, sikatai. Ina rangi, ina mchezo, na ukishaibandika, modeli nzima inachangamka.

Shida ni moja tu: siku ile haikuwepo.

Ndege ilipopaa kutoka kisiwa cha Tinian, pua yake ilikuwa tupu. Hakuna jina, hakuna behewa, hakuna reli. Kati ya ndege za kikosi kile, iliyokuwa na jina puani wakati huo ni Enola Gay, na hata hilo liliandikwa siku moja tu kabla ya safari ya Hiroshima, kwa amri ya Paul Tibbets, ambaye Enola Gay ni jina la mama yake. Robert Lewis, aliyeihesabu ndege ile kuwa yake, alilikuta jina limeshaandikwa na akakasirika vibaya. Picha ya Bockscar ilichorwa baada ya watu kufa.

Sasa utasema, kabla au baada, kuna tofauti gani? Wewe unayepanda nganya unajua tofauti. Matatu haitoki kwa fundi bila jina. Jina linaandikwa gari likiwa bado halijabeba abiria hata mmoja, kwa hiyo jina ni majivuno na dua kwa pamoja: tutafika, tutapendwa, askari hawatatusumbua. Anayechora baada ya safari anafanya kitu kingine kabisa. Yeye anajua palitokea nini. Anachagua namna ya kusimulia.

Na tazama alichosimulia mchoraji wa Bockscar. Reli kutoka Salt Lake hadi Nagasaki. Reli haipindi ovyo. Treni ikitoka Mombasa kuja Nairobi haifiki Kisumu kwa sababu ya mawingu. Lakini ndege ile haikuwa ikienda Nagasaki! Ilikuwa inaenda Kokura. Kokura ndio ulikuwa mji uliolengwa, Nagasaki ulikuwa wa akiba. Asubuhi ile Kokura ulifunikwa na mawingu na moshi. Charles Sweeney, ambaye ndiye aliyeiongoza siku hiyo, alipita juu yake mara tatu, na mara zote tatu mlenga bomu hakuuona mji. Mafuta yalikuwa yanapungua, na pampu ya tangi la akiba ilikuwa imegoma tangu kabla hawajapaa. Ndipo wakageuka. Saa tano na dakika mbili asubuhi, kwa saa za Japani, bomu lililipuka juu ya bonde la Urakami. Ndege haikuweza hata kurudi Tinian, ikatua Okinawa matangi yakiwa karibu makavu.

Watu wa Kokura waliishi kwa sababu ya wingu. Watu wa Nagasaki, 73,884 kwa hesabu ya mji wenyewe hadi mwisho wa 1945, walikufa kwa sababu hiyo hiyo. Hilo ndilo picha ya reli inalifuta. Mtu akibandika picha ile kwenye ndege ya tarehe 9 Agosti ameongeza pambo, sawa, lakini pia ametoa ushahidi wa uongo. Amesema walijua wanakoenda, tena walikwenda wakitabasamu. Yote mawili si kweli, na ukweli wenyewe unatisha zaidi.

Haya, bati tupu basi. Jamaa anadhani bati tupu ni uvivu, kwamba ukiacha pua wazi umemaliza kazi mapema. Wapi! Hapo ndipo kazi inapoanza. Kwanza kuna mkia. Ukitafuta picha za ndege za kikosi cha 509 utakuta mkiani duara lenye mshale ndani. Ni alama yao halali, na ndiyo ambayo wengi hubandika bila kuuliza. Lakini mwanzoni mwa Agosti 1945 mikia ilibadilishwa makusudi ili adui asikitambue kikosi. Bockscar ikapewa herufi N ndani ya pembetatu, alama ya kikosi kingine, cha 444. Namba yake ubavuni ilikuwa 7, ikafanywa 77, ili isigongane na ndege ya kweli ya wale waliokopwa alama. Enola Gay vilevile: R ndani ya duara, alama ya kikosi cha 6, na 12 ikawa 82. Kwa hiyo alama sahihi ya siku ile ni alama ya kudanganyia. Ukitaka kuwa mkweli inabidi uchore uongo wao, na uuchore vizuri.

Kisha kuna bunduki. B-29 ya kawaida ina vibanda vya bunduki juu na chini ya mwili. Hizi za bomu la atomu zilipunguziwa uzito, zikaachiwa bunduki za mkiani tu. Sanduku la kawaida linakuletea vibanda vyote, na wewe unaziba matundu, unapiga msasa, unaziba tena. Kwa kipimo cha 1/72 mabawa ya mita 43 yanakuwa karibu sentimita 60, kwa hiyo kosa lolote linaonekana kutoka mlangoni.

Na kwa nini pua tupu ni jambo la historia, si la ushamba wangu tu? Kwa sababu utupu ule uliwachanganya hata waliokuwepo. Ndege ya Sweeney mwenyewe iliitwa The Great Artiste, lakini ilikuwa imefungwa vyombo vya kupimia tangu Hiroshima, basi yeye na Bock wakabadilishana ndege. Mwandishi William Laurence, aliyepaa siku ile kama shahidi, aliandika kwamba bomu lilibebwa na The Great Artiste. Hakukuwa na jina puani la kumsahihisha. Namba ndizo zilizokuja kusema kweli baadaye. Kama picha ya behewa ingekuwepo, kosa lile lingewezekanaje?

Najua jibu linalofuata: si ni plastiki tu, bana? Watu wazima wanagombania midoli. Basi ulizeni Washington. Mwaka 1995 jumba la makumbusho la Smithsonian lilitaka kuonyesha mwili wa Enola Gay pamoja na maelezo marefu kuhusu bomu na waliolipuliwa. Maveterani na wanasiasa walikuja juu, maonyesho yakafutwa, mkurugenzi Martin Harwit akajiuzulu, na ndege ikaonyeshwa kivyake na maneno machache. Ugomvi wote ule ulikuwa wa maneno yanayowekwa kando ya ndege. Kibandiko puani ni maneno hayo hayo, ila madogo.

Wapo na wanaonishambulia kutoka upande wa pili. Eti Mkenya ana kazi gani na vita vya wazungu na Wajapani, tena kwa gundi ya bei hiyo? Ningewaelewa kama vita vile vingetupita mbali. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, ambako ukisalimia kwa Kiswahili unaitikiwa. Kwa mgodi ule hakuna sanduku linalokuja na kibandiko.

Lakini hasira yangu kubwa nawawekea wenzangu, wale wa lenzi na kibanio. Tunaweza kubishana usiku kucha kama alumini ya bawa la kushoto iling'aa kuliko ya kulia. Tunahesabu ribiti. Halafu tunamaliza kwa kuunganisha mkia wa Agosti na pua ya baadaye, tunaandika tarehe moja chini yake na kujiita watu wa usahihi. Usahihi gani huo? Ukipenda picha, chora ndege ya baada ya vita na uandike hivyo. Behewa lipo hadi leo kwenye ndege yenyewe, katika makumbusho ya jeshi la anga huko Dayton, Ohio. Ila tarehe 9 usiiguse.

Nasema kwa ukali kwa sababu mimi mwenyewe niliifanya. Bockscar yangu ya kwanza ilikuwa na kila kitu, behewa, mabawa, reli, na niliipaka vanishi ikameremeta. Nikampa mtoto wa dada yangu alipotimiza miaka tisa. Akaifuata reli kwa kidole, akasoma pole pole, akaniuliza, "Anko, kwa hivyo walikuwa wanaenda hapa tu tangu mwanzo?" Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa najua habari ya Kokura, nimeisoma mara ngapi, na nikamwambia ndiyo, kwa sababu picha ilikuwa nzuri na mimi ndiye niliyeibandika.

Wiki iliyopita nilimwomba anirudishie kwa muda. Picha ya puani ilitoka kwa maji ya uvuguvugu na utepe wa kunata, ikaondoka na rangi kidogo. Nimepiga msasa mara mbili na baka bado linaonekana ukiishika karibu na dirisha. Mkia ulikuwa na mshale. Nao nimeutoa, N imekauka, pembetatu imekaa upande kidogo na nitairekebisha. Chini ya kigingi chake nimeandika kwa kalamu: 9 Agosti 1945, ikielekea Kokura. Jumamosi nampelekea.