Rashi ikihama, dawa za baipola zinabaki nyuma

Tangu Juni 2025, Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limeondoa foleni ya kivuko kati ya Geita na Mwanza. Kwa anayetoka Geita kwenda kliniki ya afya ya akili Bugando, ni nafuu kubwa. Ila umbali ulikuwa kipande tu cha tatizo.

Baipola humpandisha mtu juu kisha humshusha. Akiwa juu halali, anaongea bila breki, anamwaga hela. Akiwa chini, hata kuoga kunamshinda. Dawa zipo na zinasaidia, lakini zinatakiwa kumezwa kila siku, hata siku ambayo mtu anajiona mzima kabisa. Wengi huachia hapo.

Mtaani jibu ni jepesi: mbishi huyo, au karogwa. Ukitazama maisha ya machimboni, utaona sababu nyingine.

Mchimbaji mdogo hakai. Leo yuko Nyarugusu mkoani Geita. Kesho akisikia kuna rashi upande wa Kahama, Shinyanga, anabeba begi na kuondoka. Faili linabaki alikoanzia. Aendako, kama atafika hospitali, anajieleza upya kwa mhudumu asiyejua alikuwa anameza nini.

Kazi yenyewe nayo inapingana na tiba. Kukesha zamu ya usiku kunaweza kumrudisha mgonjwa kwenye hali ya juu. Kwa anayetumia lithiamu, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu tofauti kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni ndogo, ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara. Kutoka jasho jingi duarani bila kunywa maji ya kutosha hupandisha kiwango cha dawa mwilini. Diklofenaki au ibuprofeni za kutuliza mgongo hufanya vivyo hivyo. Yaani mtu anaweza kufuata dozi sawasawa na bado akadhurika.

Dalili moja ni mikono kutetemeka. Zebaki ya kukamatia dhahabu nayo hutetemesha mikono. Bila kipimo, mgonjwa atalaumu kidonge na kukiacha, na kukatisha lithiamu ghafla ni njia ya haraka ya kuugua tena.

Halafu kuna hili lisilosemwa sana: machimboni dalili za kwanza hazishtui mtu. Aliyepata mawe mazuri akinywesha baa nzima, wenzake wanashangilia. Ndugu ambao wangegundua kwamba hajalala siku nne wako mbali kijijini.

Tanzania inajua kuhudumia wagonjwa wanaohama. Anayetumia ARV ana kadi ya CTC yenye namba yake, anaweza kuhamishiwa kituo kingine, na akiwa imara hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Kwa nini wa baipola asipate mpango kama huo?

Hoja ya tahadhari ipo, na ni ya haki: kumkabidhi dawa nyingi mtu mwenye mawazo ya kujiua ni hatari, na lithiamu haiendi bila vipimo. Kwa hiyo si kila mgonjwa apewe za miezi mitatu. Lakini hoja hiyo inahusu wingi wa vidonge. Haizuii kumbukumbu zake kumfuata.

Na wakati mwingine mgonjwa wa baipola na wa CTC ni mtu mmoja. Kabamazepini, dawa nyingine ya baipola, hupunguza nguvu ya dolutegraviri iliyomo kwenye ARV zinazotumika sana nchini. Kliniki mbili zisipojuana, matibabu yote mawili yanaweza kuharibika.

Wakati mfumo unasubiriwa, mhudumu anaweza kuanza na karatasi moja: jina la dawa, dozi, tarehe ya kipimo cha mwisho, namba ya simu ya kliniki. Inakunjwa, inakaa kwenye pochi, na rashi ikihama inahama naye.