SURA YA ELFI NA SURA YA MAMA



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyetuumba na kututia sura kama alivyopenda Yeye. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Mpenzi msomaji, nataka kuzungumzia jambo ambalo wazee wengi wa hapa Same wataliona dogo, na ambalo vijana wetu wanalifanya kila likizo bila kulifikiria sana. Nalo ni kutengeneza uso wa mhusika katika magemu ya simu na kompyuta, na hasa yule mhusika anayeitwa elfi. Swali la vijana ni moja: "Mwalimu, nifanyeje ili elfi wangu apendeze?"

Wapo wazazi wanaolijibu swali hili kwa kunyang'anya simu. Wapo wengine wanaosema, "Mwache, ni mchezo tu." Kwa maoni yangu, wote wawili wameliacha swali lenyewe bila jibu. Kijana anayeuliza namna ya kuifanya sura ipendeze anauliza uzuri ni kitu gani. Asipojibiwa nyumbani wala madrasa, gemu litamjibu.

ELFI NI NANI?

Kwanza tufahamiane, hasa na wazazi wenzangu. Elfi (si ile elfu ya hesabu) ni kiumbe wa ngano za watu wa Ulaya ya kaskazini. Si jini wala si malaika. Majini na malaika tumefundishwa kuwa wapo, lakini elfi ni wa kubuniwa tu, kama walivyo wanyama wanaosema katika hadithi za bibi zetu. Msomi wa Uingereza, J.R.R. Tolkien, aliwapa umaarufu mkubwa katika riwaya yake The Lord of the Rings iliyotoka mwaka 1954 na 1955. Kwake wao ni warefu, wazuri, na hawafi kwa uzee. Mwaka 1974 ukatoka Marekani mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambao kila mchezaji huvaa uhusika wa mtu au kiumbe fulani, na elfi akawa mmoja wa wanaochaguliwa.

Kutoka mezani elfi akaingia katika kompyuta. Katika magemu kama Oblivion la mwaka 2006 na Skyrim la mwaka 2011, mchezaji kabla ya kuanza safari huletewa uso na vipimo vingi vya kusogeza: upana wa pua, urefu wa kidevu, ukubwa wa macho, rangi ya ngozi. Akisogeza kipimo, uso hubadilika papo hapo. Leo hata magemu mengi ya simu yana sehemu kama hiyo.

JE, NI HALALI?

Hapa sitoi fatwa, maana kila fani ina wenyewe. Nitakumbusha tu yale tunayosoma. Ziko hadithi sahihi zinazowaonya vikali watengeneza sura za viumbe wenye roho, na Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mchoraji mmoja achore miti na vitu visivyo na roho. Pia iko hadithi katika Sunan Abi Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) aliona vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha (r.a.), na kati yake alikuwemo farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Alipouliza farasi gani huyo mwenye mbawa, Bibi Aisha akamjibu kwa kutaja farasi wa Nabii Sulayman (a.s.), na Mtume akacheka hadi magego yake yakaonekana.

Wanazuoni wamezifafanua hadithi hizi kwa njia tofauti, na katika picha za kompyuta wamehitilafiana pia. Kila mwanafunzi amuulize ustadhi wake na afuate analoelekezwa. Maneno yangu yanayofuata ni kwa yule ambaye tayari ameketi mbele ya kioo cha simu na kidole chake kiko juu ya kipimo.

KIPIMO NI CHA NANI?

Hebu tumtazame kijana wetu anapotengeneza "elfi mzuri". Mara nyingi kitu cha kwanza anachokipunguza ni pua. Kisha anaipandisha rangi ya ngozi iwe nyeupe, midomo anaifanya myembamba, na nywele anazinyoosha. Akimaliza anasema, "Sasa amependeza." Mwulize: je, uso huu unafanana na nani nyumbani kwenu? Haufanani na mama, wala baba, wala bibi aliyeko Chome au Usangi. Kila alichokiondoa ili uzuri upatikane ni kitu alichokirithi kwa wazazi wake.

Atasema, "Lakini elfi ndivyo alivyo." La hasha! Elfi hayupo, basi nani amempa rangi? Katika Skyrim wapo elfi wa ngozi ya dhahabu, na wapo wengine wa ngozi ya kijivu kama majivu na macho mekundu. Mwaka 2022 katika tamthilia ya The Rings of Power, elfi aitwaye Arondir aliigizwa na Ismael Cruz Córdova, mwigizaji mweusi mzaliwa wa Puerto Rico. Wapo watazamaji waliolalamika kwamba elfi hawezi kuwa mweusi. Yaani walikubali kiumbe ambaye hafi kwa uzee, wakashindwa kukubali rangi yake! Hapo unaona kwamba ugumu haukuwa katika ngano, bali katika kipimo ambacho watu walikuja nacho.

Qur'ani Tukufu inatufundisha katika Surat At-Tin kwamba mwanadamu ameumbwa katika umbile bora, na katika Surat Ar-Rum kwamba kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara za Allah. Abu Dharr (r.a.) alipomwaibisha mtu kwa sababu ya mama yake, Mtume (s.a.w.) alimwambia kwamba bado ndani yake kulikuwa na ujahiliya. Je, kijana anayejifunza kidogo kidogo kuuona uso wa mama yake kuwa ni kasoro ya kusahihishwa, hajaanza kuielekea njia hiyo?

Msidhani jambo hili linabaki ndani ya simu. Mkorogo tunaujua sote. Vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku nchini mwetu kwa kuwa zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo, na bado wapo wanaovitafuta kwa siri. Sisemi gemu ndilo lililoleta mkorogo, kwani mkorogo ni wa zamani kuliko simu hizi. Nasema kwamba kipimo ni kilekile. Katika gemu unakisogeza kwa kidole bila maumivu, lakini usoni kwako unakisogeza kwa sumu.

NAMNA YA KUTENGENEZA UZURI

Hivyo basi, nitajibu swali la vijana kama lilivyoulizwa.

Kwanza, usisogeze vipimo hadi mwisho. Macho yakiwa makubwa mno na kidevu kikiwa chembamba mno, hupati uzuri bali unapata kinyago. Pili, shika uwiano ambao wachoraji huufundisha: macho hukaa karibu na katikati ya urefu wa kichwa, na nafasi kati ya jicho na jicho ni kama upana wa jicho moja. Tatu, usilinganishe pande mbili za uso sawasawa kabisa. Uso wa mtu hai una tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto, na zikikosekana huonekana kama umekufa. Nne, mzungushe mhusika wako umtazame kwa mbele, kwa ubavu, na katika mwanga tofauti, kwani nyuso nyingi hupendeza kwa mbele zikaharibika kwa ubavu. Tano, masikio marefu ya elfi huvuta jicho la mtazamaji, kwa hiyo ziache sehemu nyingine za uso zitulie.

Jambo la sita ndilo kubwa kuliko yote: anza na uso unaoupenda. Usiende sokoni kukodolea watu macho, maana tumeamrishwa kuinamisha macho. Nyumbani wapo bibi, babu, shangazi na wajomba. Tazama pua pana iliyokaa vizuri juu ya tabasamu, vifinyo vya mashavu, shingo yenye pingili, na mwanya wa kuzaliwa ambao bibi zetu waliuhesabu kuwa ni pambo. Hivyo vyote ni uzuri, na vilikuwa uzuri kabla gemu halijabuniwa.

Kisha mpe elfi wako kwao. Katika milima ya Pare Kusini yuko ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Kwa nini elfi wa msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena, asiwe na duara kama hilo juu ya ngozi nyeusi? Upanga wake kwa nini usifuliwe na wahunzi wa ukoo wa Washana, waliosifika kwa kazi ya chuma huko Ugweno karne nyingi zilizopita? Haya yanawezekana. Mwaka 2016 vijana wa kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, walitoa gemu la namna hii liitwalo Aurion, lenye mashujaa wa sura za Kiafrika na visa vilivyochotwa katika mila za Kiafrika. Hawakusubiri kuletewa vipimo na wengine.

Zaidi ya hapo, wanangu, msisahau mipaka mnayoijua. Swala ina wakati wake, masomo yana wakati wake, na fedha ya vifurushi ni jasho la mzazi. Mhusika wako naye mvishe mavazi ya heshima, kwani aliyemvisha ni wewe.

Wazazi wenzangu, kabla hamjanyang'anya simu, ketini na mtoto na mumuulize kwa upole: "Kwa nini umemfanya hivi? Pua hii uliipunguza kwa nini?" Jibu lake litawaonyesha anavyojiona yeye mwenyewe akisimama mbele ya kioo. Na muwaambie watoto wenu kwamba ni wazuri. Wengi wetu tunaliona hilo kila siku na hatulitamki. Tukumbushane pia, kama tulivyofundishwa katika hadithi, kwamba Allah hatazami sura zetu bali nyoyo na matendo yetu. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Anayetengeneza sura naye aanzie kwao.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.